Jina Lililobaki Kwenye Barua

Tulikuwa watu wanane. Kila mwezi, Jumamosi moja baada ya sala ya alasiri, tulikutana Nizwa nyumbani kwa mzee mmoja aliyekuwa mfamasia kabla hajastaafu. Tulikunywa kahawa kwa tende, tukasoma sheria za nchi kifungu kwa kifungu, tukabishana mpaka magharibi. Tuliwahi kuomba ruhusa ya kuunda jumuiya ya kuwaeleza watu haki zao. Tulijaza fomu zote, tukabandika picha, tukangoja. Jawabu halikuja, hata la kukataa. Basi tukaendelea kuwa wageni wa mzee tu, watu wasio na jina.

Mimi nilikuwa nasomesha jiografia skuli ya wasichana, Ibra. Aliyenipeleka Nizwa mara ya kwanza ni mwalimu wa hesabu, mtu wa Aija, ng'ambo ya hori la Sur. Wazee wake walitoka Pemba, wangu walitoka Unguja mjini. Katika wale wanane sisi wawili tu ndio tuliokijua Kiswahili. Tukitaka kumcheka mtu tulihamia huko, na wenzetu wakigombana nasi: "Semeni Kiarabu, tusikie na sisi!"

Siku moja mwalimu huyu aliandika kwenye ukurasa wake wa mtandao kwamba vijana waliokaa mbele ya ofisi ya serikali kuomba kazi hawakustahiki kukamatwa. Mistari minne, hata tusi moja hamna. Asubuhi ya siku ya tatu mkewe alinipigia simu.

"Dada, wamemchukua. Wamekuja watu wawili, wamemwacha avae viatu, basi."

"Wamempeleka wapi?"

"Sijui. Nauliza, kila mtu ananiambia nikaulize kwa mwengine."

Wiki tatu zikapita, hajui mumewe yuko wapi. Tukakutana Nizwa, tukaandika barua. Niliiandika mimi kwa mkono wangu: tunaomba mwenzetu aelezwe kosa lake, aonane na wakili, na watu wake waruhusiwe kumwona. Tukatia saini sote saba tuliobaki, majina kamili, na baba na kabila. Tukaipeleka kunakohusika, na nakala yake tukaiweka kwenye mtandao ili watu waisome.

Siku ya nne nikaitwa ofisini kwa watu wa usalama. Aliyenipokea alikuwa kijana, mpole, kanzu yake imepigwa pasi vizuri. Akaniagizia chai.

"Ustadha, wewe mtu wa heshima," akasema. "Watoto wa watu wako mikononi mwako. Nani aliyeandika barua hii?"

"Mimi."

Hakukasirika. Akafungua jalada, akapanga karatasi sita mbele yangu, moja moja. Kila moja ilikuwa ahadi ya mmoja wa wenzangu: naondoa jina langu, sikufahamu vizuri nilichokitia saini, sitorudia. Kisha akatoa ya saba. Jina langu limeshapigwa chapa, pameachwa nafasi ya saini tu.

"Nipe nikafikiri," nikamwambia.

"Fikiri. Siku mbili."

Nilimpigia mfamasia nikiwa bado garini, maana yeye ndiye mkubwa wetu. Nikamwamkia. Nikamwambia nimeiona karatasi yake.

"Binti yangu, mwanangu wa mwisho anangoja kazi ya serikali. Usinichukie."

"Sikuchukii, ammi."

"Na Jumamosi usije."

Nyumbani tulikuwa wawili tu, mimi na mama. Nilimkuta barazani anachagua mchele, nikamweleza yote. Nilitaka aniambie nitie saini. Ningetia saa ile ile, na kosa lingekuwa lake. Mama hakuacha kuchagua mchele.

"Kaka yangu walipomchukua Unguja," akasema, "mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili. Mama yetu alivaa buibui lake akapita nyumba kwa nyumba, anatafuta mtu mmoja wa kwenda naye kuuliza. Mmoja tu. Kila mtu alikuwa na udhuru. Na nyudhuru zao zilikuwa za kweli, mwanangu. Huyu ana mgonjwa, yule ana watoto. Akaenda peke yake, akarudishwa mlangoni. Kaka hatukumwona tena."

Maisha yangu yote sikuwahi kumsikia akimtaja huyo mjomba. Nikamuuliza, "Sasa unaniambia nisitie saini?"

"Sikwambii kitu. Nakueleza ilivyokuwa."

Sikutia saini. Nilirudi ofisini nikamrejeshea yule kijana karatasi yake kama alivyonipa. Akaitazama, akanishukuru kwa kuja.

Baada ya mwezi nikapata barua ya uhamisho, kwa maslahi ya kazi, kwenda ofisi moja Izki. Nikawa natoka Ibra alfajiri, napita Samad, nafika kabla watu hawajafungua milango. Nilipewa chumba chenye meza, kiti, na maboksi ya vitabu vilivyoacha kusomeshwa. Hapana aliyeniambia nifanye nini. Wiki ya kwanza nilivipanga vitabu kwa madarasa. Wiki ya pili nikavipanga upya kwa miaka. Wiki ya tatu nikaviacha.

Wa pale walinisalimia vizuri. "Salamu alekum, ustadha," kisha wakaenda kunywa kahawa chumba cha pili, mlango wazi, nawasikia wanacheka. Mimi nilikula mkate wangu garini. Kundi la simu la walimu wenzangu wa Ibra, tuliokuwa tukitumiana dua na picha za watoto, nikaona nimeondolewa. Siku moja ya likizo, kwenye soko la Jumatano la wanawake, nilimwona mwalimu niliyefanya naye kazi miaka kumi na moja. Nikainua mkono. Akainamia vitambaa, akawa anapapasa kimoja ambacho ameshakinunua, kimo mkobani mwake. Nikaushusha mkono wangu.

Upweke huo ni tabu kuueleza, kwa sababu hapana aliyenifanyia ubaya. Laiti wangalinitukana, ningalijua la kujibu. Nilianza kujisemesha njiani. Nilikuwa nasomesha darasa lililokuwa halipo, mito na majabali, huku naendesha gari.

Yule mwalimu wa hesabu aliachiwa baada ya miezi minane. Mkewe akaniandikia maneno mawili: "Katoka. Alhamdulillahi." Ijumaa ile nikaenda Aija. Nikakaa ndani na mkewe, na mwalimu akaja kunisalimia. Amekonda, ndevu zimekuwa nyeupe upande mmoja. Kwanza alisema Kiarabu, mambo ya kawaida, hali yako, hali ya mama. Kisha akahamia Kiswahili, na mara hii hatukuwa tukimcheka mtu.

"Dada, barua yenu nilisomewa. Walitaka nijue kuwa wenzangu wamenikimbia. Wakasoma majina ya waliojitoa, moja moja. Nikahesabu sita. Nikajua mmoja kabaki, lakini sikujua nani mpaka mke wangu aliporuhusiwa kuja."

Mkewe akatumiminia kahawa.

"Sasa nisikilize," akasema mwalimu. "Ili nitoke, nimetia saini na mimi. Nisiandike, wala nisikutane nanyi. Jina lako limetajwa."

"Basi nisije tena?"

"Usije, dada. Nisamehe."

Mkewe alikuwa amejifunika uso kwa ncha ya mtandio. Nikamwambia mwalimu anywe kahawa yake, itapoa. Akanywa. Na mimi nikanywa yangu, kwa sababu kuondoka saa ile kungemuumiza zaidi. Alinisindikiza mpaka mlangoni, nje hakutoka.

Nililia kwenye kituo cha mafuta, baada ya kuiacha Sur nyuma, nimeegesha gari pembeni kama mtu anayepumzika. Nilipofika Ibra mama alikuwa macho, anangoja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kakonda?"

"Kakonda sana."

"Anazungumza?"

"Anazungumza."

"Utarudi lini kuwatazama?"

Nikamwambia sitorudi, na sababu yake. Mama akaniangalia, akashusha pumzi, akasogea kidogo kwenye kochi kunipisha nikae.

Mpaka leo niko Izki. Mara tatu nimeomba kurudi darasani, sijajibiwa. Nizwa hakukutani mtu. Ile nakala kwenye mtandao walioiweka wameiondoa, lakini ninayo rasimu niliyoiandika kwa mkono, na kila niisomapo sioni neno ambalo ningelibadilisha.