Kadi Niliyoiandika Siku ya Kwanza

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa rundo la majarida, chupa ya wino na onyo. Mkuu wa maktaba, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliniketisha kwenye meza iliyotazama ziwa, kisha akanikataza kutazama ziwa. Taasisi yetu ya ualimu hapa Uvira ilikuwa imepokea sanduku la majarida ya utafiti wa elimu, na kila makala ilihitaji fishi yake. Fishi ni kadi ndogo ya karatasi ngumu. Unaandika jina la mwandishi, kichwa cha makala, jarida na kurasa, halafu chini kabisa mistari miwili ya kueleza makala imegundua nini. Wanafunzi walipekua droo za kadi hizo kabla ya kwenda rafuni kusoma makala yenyewe. Wengi wao, niseme ukweli, hawakufika rafuni.

"Mzee, nisome yote?" niliuliza.

Akacheka mpaka miwani ikamtoka. "Yote? Weye uko na miaka ngapi ya kuishi? Soma mwanzo, andika, weka. Siku ya tano minye nataka sanduku iko tupu."

Nikasoma mwanzo, nikaandika, nikaweka. Moja ya makala hizo ilihusu watoto wa wavuvi na somo la hesabu. Ukurasa wa kwanza ulisema kwamba watoto hao hawafai masomo marefu ya hesabu, kwa kuwa akili zao ziko majini. Niliyanakili maneno hayo kwa mwandiko mzuri. Mimi ni binti wa mvuvi wa Makobola, na hesabu niliifaulu shuleni bila kusukumwa, lakini sikushtuka hata kidogo. Kilichopigwa chapa nilikiheshimu kama mahubiri ya Jumapili.

Baada ya miaka kadhaa nilitumwa Bwegera, kuangalia chumba cha vitabu cha walimu wa shule za msingi katika bonde la Ruzizi. Wenzangu walinionea huruma, wakasema nimetupwa kwenye mpunga. Waache waseme, mimi huko ndiko nilikofunzwa kazi. Siku moja niliwasomea walimu makala iliyodai kwamba wazazi wa bonde hawajali shule, kwa sababu mwandishi alikuta madarasa nusu tupu. Mwalimu mmoja mzee, mkulima pia, alinyoosha mkono.

"Mama, huyu muntu alikuja hapa mwezi gani?"

Tukafungua sehemu ya mbinu, yaani pale mwandishi anapoeleza alikwenda wapi, lini, na aliwauliza nani. Alikuja wiki ya mavuno. Walimu wote walicheka, nami nikacheka, lakini usingizi wa siku zote zile za Uvira ukanitoka machoni. Tangu hapo sikusoma tena makala kuanzia mwanzo. Nilianza na mbinu, nikaenda matokeo, nikaangalia kama hitimisho halidai zaidi ya kilichohesabiwa, ndipo nikarudi kwenye maneno matamu ya mwanzo.

Niliporudi Uvira nilikuwa mkuu wa maktaba, na mkononi nikawa na kashe. Taratibu za taasisi zilitaka kila kazi ya mwisho ya masomo, na kila ripoti inayotoka nje, ipigwe muhuri huo kwenye orodha ya marejeo. Walionitangulia waliipiga huku wakinywa chai. Mimi nilisema: hakuna kashe bila kuniletea makala yenyewe, na kunionyesha ukurasa ulionukuliwa. Wanafunzi walilalamika, maprofesa walininunia, nikaitwa Mama Fishi kwa kejeli. Nililipenda jina hilo, nikalitumia.

Mtandao ulipofika, walidhani nitanyamaza. Nilijifunza kutafuta kwa maneno machache badala ya sentensi nzima, kwa Kifaransa na kwa Kiingereza, na kufuata orodha ya marejeo ya makala moja mpaka kwenye nyingine. Niliwafundisha kuuliza jarida lenyewe maswali: ni nani walioisoma makala hii kabla haijachapishwa? Wataalamu wa fani hiyo, au hakuna mtu? Yapo majarida yanayopokea chochote asubuhi na kukichapa jioni. Mwanafunzi aliyeniletea hayo nilimrudisha ngazini na karatasi zake.

Basi nilikuwa nimebakiza miezi mitatu nistaafu, Mkuu wa Idara ya Elimu alipoingia na ripoti chini ya kwapa. Ofisi ya ukaguzi wa shule ilikuwa imeomba ushauri wa taasisi: sekondari moja ya Makobola ibaki na sehemu yake ya hesabu, yaani mkondo wa masomo ya hesabu, au sehemu hiyo ifungwe na watoto wapewe ufundi wa uvuvi peke yake? Ripoti ilishauri ifungwe.

"Mama Fishi, kashe tu. Ripoti inapanda kwa wakaguzi kesho."

"Nionyeshe makala ya kwanza kwenye orodha."

"Ile? Ile kila muntu anaijua, Mama!"

"Minye sikuulizi kama banaijua. Nakuuliza iko wapi."

Hakuwa nayo. Nilikwenda rafuni, nikakumbuka kwamba rafu za chini zilikwenda na maji ya mto Mulongwe msimu mmoja wa mvua. Nikafungua droo ya kadi, maana droo zilikuwa juu na zilipona. Kadi niliipata, ile ya watoto wa wavuvi na hesabu. Mwandiko ulikuwa wangu, wa siku ile ya kwanza, wenye herufi za madaha.

Siku mbili, ripoti ikingoja kashe, nilitafuta makala hiyo mtandaoni. Nilikuta kazi za wanafunzi na ripoti zikiitaja, kila moja ikinukuu nyingine, na nilipozifuata nyuma moja baada ya moja, zote ziliishia kwenye kadi ile. Nikampigia mwanafunzi wangu wa zamani anayefanya kazi kwenye maktaba ng'ambo, Bujumbura. Akalipata jarida, akapiga picha kila ukurasa, akanitumia kwa simu. Mtandao ulikuwa wa kusuasua, nikakaa mchana mzima dirishani nikipokea ukurasa mmoja mmoja.

Ukurasa wa kwanza ulianza: "Wengi husema kwamba..." Kisha yakafuata maneno yangu ya kwenye kadi. Mwandishi alikuwa anataja wanayosema wengine, ili ayapinge! Kurasa zote zilizofuata zilikuwa za kuyapinga. Ukurasa wa mwisho ulisema kwamba watoto wa wavuvi walishindwa pale tu ambapo shule yao haikuwa na mwalimu wa hesabu, na kwamba walipompata walikwenda sawa na wengine.

Nililia. Miaka yote ile nilikuwa nimewasingizia ndugu zangu kwa mwandiko mzuri.

Habari zilimfikia Mkurugenzi Mkuu wa taasisi, akaniita ofisini. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ulinikera zaidi ya ukali.

"Mama, umebakia na miezi tatu. Juu ya nini unajitafutia aibu? Badilisha kadi kimya kimya. Ripoti iko na marejeo ingine mingi."

"Hayo mengine yote yametoka kwa kadi yangu, Bwana Mkurugenzi. Ni muntu moja tu anasema mara mingi, na huyo muntu ni minye."

"Na jina ya taasisi?"

"Jina ya taasisi haikai mu darasa pale Makobola. Kule kuko batoto."

Sikupiga kashe. Kwenye kikao cha kukabidhi ripoti, mbele ya mkaguzi wa shule, nilisimama na kadi mkono mmoja na simu mkono mwingine. Nilisoma kadi, nikasoma ukurasa wa kwanza, nikasoma wa mwisho. Nikasema aliyekosea ni mimi, na kwamba sitakubali watoto wafungiwe darasa kwa uvivu wangu wa ujana.

"Basi Mama anakubali hakufanya kazi yake," alisema Mkuu wa Idara.

"Nakubali. Na weye, unakubali?"

Mkaguzi aliomba atumiwe zile picha za kurasa, akaifunga ripoti, akasema hatabeba karatasi isiyo na kashe. Sehemu ya hesabu ikabaki. Mkuu wa Idara hakunisalimia tena, na siku ya kuniaga hakuna aliyenitolea hotuba. Nilikula keki yangu na wafagiaji, tukacheka sana.

Kashe niliirudisha. Kadi niliiomba, wakaninyima, wakisema ni mali ya taasisi. Basi nikaandika juu yake kwa wino mwekundu kile makala inachosema kweli, nikaongeza jina langu, nikairudisha kwenye droo mahali pake.

Sasa naishi mtaa wa Mulongwe, na wanafunzi bado wanabisha hodi. Wananiambia kazi yangu imekufa, kwamba siku hizi unaipa simu makala nayo inakutolea mistari miwili ya muhtasari. Nawajibu kwamba mashine hiyo naijua vizuri, ndiyo niliyokuwa mimi. Wakinuna, wanune. Kiti kipo, na hakuna anayetoka kwangu bila kufungua sehemu ya mbinu.

Wiki iliyopita alikuja msichana mmoja anayejiandaa kufundisha hesabu. Alisoma sekondari Makobola, katika sehemu ile ile. Nilikuwa nimempa makala moja, nikaisifu sana kwamba ni ya kuaminika. Aliirudisha akiwa ameipigia mistari kwa kalamu, akasimama mlangoni bila kuketi.

"Mama, usikasirike. Weye mwenyewe uliisoma mpaka mwisho?"

Nikatafuta miwani, nikamsogezea kiti.

"Leta," nikamwambia. "Nilifika ukurasa wa sita tu."