Jiko Liko Mkono Gani

Baba yangu ni dobi. Ukimpa shati atakurudishia limenyooka, hata kama wewe mwenyewe hujanyooka. Lakini simu ilimshinda. Aliigusa kwa ncha ya kidole kama mtu anayepima kama pasi imeshika moto, akakirudisha kidole haraka. Kwa hiyo mwenye nyumba wetu alipotuambia tuhame, kwa kuwa mwanawe anaoa na atakaa pale, kazi ya kutafuta nyumba mtandaoni iliniangukia mimi, binti wa pekee wa baba, niliyejaliwa kila kitu isipokuwa subira.

Kupanga tulishachoka, safari hii tulitaka kununua. Mama alikuwa ameuza shamba la urithi wake, baba alikuwa na akiba yake ya miaka mingi ya pasi. Nikamfungulia baba tovuti ya nyumba zinazouzwa. Nikamwonyesha moja yenye bustani, nyingine yenye vigae sebule nzima. Akatikisa kichwa.

"Ukiingia, jiko liko mkono gani?"

"Baba, jiko si jiko tu?"

"Nimekuuliza liko mkono gani."

Hapo ndipo nilipoelewa. Mama haoni. Macho yalimwishia taratibu hadi giza likawa giza kweli. Lakini ungemkuta ndani ya nyumba ile ya kupanga usingejua. Alitoka sebuleni, akakata kulia jikoni, akachota chumvi, akarudi kukuuliza mbona hujafagia chini ya meza. Nje ya kuta zile alikuwa mtu wa kuongozwa, na mama yangu hapendi kuongozwa. Baba alikuwa anaitafuta nyumba ileile ndani ya nyumba nyingine.

Tukatafuta. Baba aliipanga ramani ya nyumba yetu juu ya meza ya kupigia pasi, kibandani kwake, kwa nguo za watu: soksi zikawa kuta, foronya zikawa vyumba. Kila picha niliyoifungua aliilinganisha na nguo zake. Mteja mmoja alifuata suruali yake akaambiwa arudi kesho, kwa sababu ndiyo korido. Nilicheka, ila nilikuwa nimeanza kukata tamaa.

Halafu nikaipata video. Dalali mmoja, mtanashati na anayejipenda, alikuwa amejirekodi akiingia kinyumenyume kwenye nyumba anayoiuza, uso wake umejaza nusu ya kioo cha simu, vyumba vikionekana nyuma ya mabega yake. Ukiingia, jiko kulia. Korido moja kwa moja, bafu mwisho. Baba aliniambia niirudie video ile mpaka bando likakata. Kila soksi ilikaa mahali pake. Sijawahi kumwona baba akifurahi vile.

Baba hakumwambia mama kitu zaidi ya, "Twende ukaione nyumba yako."

"Nikaione kwa macho ya nani?" mama akamtania, lakini akavaa viatu.

Dalali alitupokea mlangoni. Baba akamsimamisha mama kizingitini, akamwachia mkono. "Nenda. Ni kama kule, kila kitu. Nenda tu."

Mama akaenda. Akaenda na mwendo wake wa nyumbani, bila fimbo, kidevu juu. Akakata kulia kuingia jikoni, akakutana na ukuta uso kwa uso. Mlio ule ninao masikioni mpaka leo.

Jiko lilikuwa kushoto. Kila kilichokuwa kulia kwenye video kilikuwa kushoto. Dalali, jasho likimtoka, akatuambia alitumia kamera ya mbele, ile ya kujipigia picha, na simu yake huwa inageuza picha, kulia kunakuwa kushoto. Maneno niliyompa siyaandiki hapa. Baba alikaa chini sakafuni, yeye anayegeuza nguo za watu kutwa nzima, na machozi yakamtoka waziwazi.

"Nisamehe, mke wangu. Tutatafuta nyingine."

Mama alikuwa anajipapasa paji la uso. "Kwa hiyo nyumba ni ileile," akasema, "ila umeipiga pasi ndani nje."

Hakuna aliyecheka. Akaifuata sauti ya baba akilia, akakaa naye pale chini.

"Mzee wangu, ile nyumba unafikiri niliijuaje?"

"Uliizoea."

"Niliigonga. Ukitoka na pasi yako asubuhi, mimi nabaki na kuta. Nimeanguka kwenye ile korido mpaka nikawa nazungumza nayo. Jioni najifunika mikono yenye michubuko, nakupakulia, unanisifu mke wangu hodari."

Baba akamtazama kana kwamba wamekutana siku hiyo. "Mbona hukuniambia?"

"Ungeacha kazi ukae kunilinda." Akautafuta mkono wa baba, akaushika. "Niliona ni sawa. Lakini nilikuwa peke yangu, na niliogopa sana. Hii sitaki kujifunza peke yangu."

Mimi niligeukia dirishani, maana uso wangu nao haukuwa wa kutazamwa.

Niliposikia wakisimama nikageuka. Baba alikuwa amefumba macho. "Nimefumba," akasema.

"Mwongo wewe." Mama akanyoosha vidole, akamgusa kope moja, kisha ya pili, taratibu. Aliporidhika akamshika kiuno. Wakaanza kwenda, wazee wawili wakipapasa ukuta wa nyumba ya watu.

Dalali akataka kuwafuata. "Mama, huko kuna ngazi ndogo..." Nikamzuia kwa mkono. Mama alishaigusa kwa ncha ya kiatu, akainua mguu. Baba hakuinua. Tukasikia kishindo, tukasikia mama akicheka hadi akakohoa, kisha sauti ya baba kutoka mwisho wa korido.

"Hapa ni wapi?"

"Sijui," mama akasema. "Twende tu."