Mgiriki wa Baba na Kisasi Changu

Gundi ya mbao ikipata joto la Al Quoz hutoa harufu kali kama ya petroli, na harufu hiyo haikutoka kwenye mashati ya Baba hata yafuliwe mara mbili. Kiangazi kile shule ilikuwa imefungwa na Mama alishinda kazini saluni, basi Baba alinichukua kila asubuhi kwenye basi la kampuni mpaka karakana ya samani alikotunza stoo. Kule Tanga alikuwa mwalimu wa historia. Hapa, katika nchi ya Waarabu, wenzake walimwita Mwalimu kwa heshima, na msimamizi wao, Zuberi, alimwita hivyohivyo kwa dhihaka.

Zuberi alikuwa mtu wa Tanga kama sisi, na hilo ndilo lililoniuma. Arbab, mwenye karakana, alimwachia ufunguo wa kabati lenye pasipoti za wafanyakazi wote, naye akautumia kama fimbo. Bibi, mama yake Baba, alipofariki, nilikuwepo Baba alipokwenda kuomba pasipoti yake akamzike. Zuberi hakuacha kunywa chai. "Maiti haendi popote, Mwalimu," alisema. "Mzigo wa hoteli ndio unaoondoka Alhamisi." Bibi akazikwa na majirani. Tangu siku hiyo nilimwombea Zuberi mabaya kila baada ya sala, nikimtajia Mungu viungo vyake kimoja kimoja.

Baba hakuwa na dua za namna hiyo. Jioni tukirudi alinisimulia habari za Mgiriki mmoja wa kale, mtunga sheria wa Athene. Maskini wa mji ule walikuwa wakiweka miili yao rehani kwa matajiri, na walioshindwa kulipa waligeuzwa watumwa. Mji ukampa Mgiriki yule madaraka yote. Akaifuta desturi ile, akawafungua watu, lakini akakataa kujifanya mfalme, na akakataa pia kuwagawia maskini mashamba ya matajiri. Pande zote mbili zikamnunia. Mali aliipenda, Baba alisema, ila si ya dhuluma. Na mfalme mmoja tajiri alipotaka asifiwe kuwa ndiye mwenye heri kuliko wote, Mgiriki alimjibu kwamba mtu hasemwi ana heri mpaka mwisho wake uonekane. Baba alisikia humo onyo kwa wenye kiburi. Mimi nilisikia ahadi: mwisho wa Zuberi unakuja.

Nilidhani umekuja kabla likizo haijaisha. Arbab alimkamata Zuberi akiuza mbao za karakana kwa siri, akamshusha awe wa kupiga msasa, na ufunguo akampa Baba. Mafundi walitaka Zuberi afanye kazi uani, kwenye jua la adhuhuri, na pasipoti yake iozee kabatini. Nilitaka hivyo kuliko wao wote; nilikwisha kuchagua mahali pa kukaa ili nimtazame vizuri. Baba alimwendea arbab kwanza, akamwambia kazi ataisimamia lakini kabati hatalifunga. Arbab akawaza, akasema khalas, basi, fanya utakavyo. Baba akagawa pasipoti, akimwita kila mtu kwa jina. Ya mwisho alimpa Zuberi.

Kwenye basi nililia kwa hasira. "Alikuzuia kumzika mama yako," nilimwambia.

"Najua," Baba alisema. "Ndiyo maana sikutaka kukaa na ule ufunguo hata siku moja."

Leo Baba amestaafu, anaishi Tanga. Mimi nimebaki huku, nasimamia wahudumu wa vyumba katika hoteli moja ya Al Rigga. Wananiita madam, na pasipoti zao wanakaa nazo wenyewe. Hilo nimelirithi kwa Baba. Moyo wake sikuurithi. Miaka yote hii kila mtu atokaye Tanga nimemuuliza habari za Zuberi, nikitumaini kusikia ugonjwa, ufukara, watoto wasiomjali. Mwezi uliopita Baba alinipigia simu kuniambia wamemzika, na kwamba yeye alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza. Nikamuuliza kama aliteseka.

"Alikwenda usingizini, mwanangu," Baba alisema. "Nyumba ilikuwa imejaa wajukuu."

Nilikata simu nikabaki nimesimama kwenye korido ya hoteli. Wahudumu wangu wakaja mmoja mmoja kunipa pole, wakidhani nimefiwa. Nilizipokea zote.