Kulasi juu ya kaburi

Hapa ateliye, kwenye karakana ya magari, mashine inasawazisha kulasi, kile kifuniko cha silinda za injini, mpaka inang'aa. Harufu ya mazutu, mafuta ya dizeli, inanipanda puani, natema mate.

Kule kwetu mjini Baraka, nilipokuwa mtoto, hatukuwa na mashine. Fundi alizunguka nyumba yetu akitafuta mahali palipo sawa, akachagua kaburi la mama, saruji laini kuliko sakafu yetu. Akatandika msasa, akamwaga mazutu, akasugua kulasi ya kamio, lori la baba, mpaka uji mweusi ukafunika msalaba.

"Papa, pale ni kwa mama!" nililia.

"Wacha kelele, mutoto," fundi akasema. "Fasi ya sawa kupita hii haiko."

Baba akainama, akamshikia kulasi isiteleze.

Hata hivyo injini ya kamio ilichemka njiani, kabla ya kufika mji wa Misisi. Nilisugua kaburi kwa sabuni ya mawese mpaka vidole vikachubuka. Mama aliendelea kunuka mazutu.