Onno wa Shingo Upande

Wiebke Ihnen alikuwa mshonaji wa maturubai ya boti hapa kwetu Leer, mji wa bandari kaskazini mwa Ujerumani. Nyumba yake ilinukia nyasi kavu mwaka mzima, kwani sebuleni, pale ambapo wenzake huweka kabati la vyombo, yeye aliweka banda la simbilisi. Hawakuwa wake. Kituo cha wanyama waliookolewa kilimletea awalee mpaka wapate watu wa kuwachukua moja kwa moja.

Mumewe Eilert, mwendesha winchi mstaafu wa kiwanda cha meli, hakuyapenda mambo hayo. Banda alilijenga yeye, ila alidai ni kwa sababu lile alilojenga mkewe lilikuwa aibu.

Mwezi Machi Insa, msimamizi wa kituo, alileta watatu: majike wawili wa kahawia na dume mweupe aliyehasiwa. Walitolewa kwenye chumba cha chini cha mtu aliyewaacha wazaliane mpaka wakamshinda. Majike walikuwa wamekonda tu. Dume aliugua sikio, ugonjwa ukampinda shingo, jicho moja likatazama dari na jingine sakafu. Akitaka kwenda mbele, alizunguka. Wiebke akampa jina la Onno.

Daktari wa wanyama alisema dawa itamponya sikio, lakini shingo huenda isinyooke. Hatari ilikuwa tumboni, maana simbilisi asipokula, utumbo husimama, na ukisimama ni vigumu kuuamsha. Akashauri huenda ni heri apumzishwe kwa sindano, asiamke tena. Wiebke akauliza kama ana maumivu makali. Daktari akasema hapana, ana kizunguzungu.

"Basi nitampa chakula," Wiebke akasema, akarudi naye nyumbani.

Alimviringisha kwenye taulo kama kichanga, akamlisha uji wa nyasi kwa bomba la sindano, tone kwa tone. Alimlisha kabla ya kwenda kazini, akarudi mchana kwa baiskeli huku upepo wa kaskazini ukimpiga usoni, akamlisha tena jioni. Mara nyingi Onno alimtemea uji ule.

"Hivi mume humu ndani ni nani?" Eilert aliuliza siku moja, viazi vikiwa vimepoa mezani.

"Wewe. Ndiyo maana unajilisha mwenyewe."

Mwishowe Onno alitafuna jani la giligilani mwenyewe, kisha la pili. Shingo haikunyooka, lakini akajifunza kutembea. Kila alipoyumba, majike walijisogeza, mmoja ubavu huu na mwingine ule, akawaegemea mpaka akasimama. Wiebke aliona hayo, akaamua watatu hawa hawatengani.

Mtu na mkewe walikuja kutoka Emden, mji wa jirani, kutafuta wa kufuga. Waliwapenda majike, Onno walimtazama, kisha wakatazamana. Wiebke akawaambia ama wote au hakuna, wakaenda zao. Waliofuata, mambo yakawa yale yale.

Insa akaja kwa hasira, akawekewa chai, asiiguse.

"Dada Wiebke, nina wengine sita wamebanana kwenye boksi, bafuni kwangu. Ukimng'ang'ania huyu, unawanyima wale mahali. Unalijua hilo?"

Wiebke akamsogezea kikombe. Alilijua, na lilimchoma. Kisha akasema, "Kwa hiyo shida ni nafasi."

"Ni nafasi tu."

Wiebke akatazama nje dirishani, kwenye kibanda cha bustani ambako Eilert alicheza karata na wazee wenzake kila Alhamisi.

Eilert alikuwa amesimama mlangoni na kiko chake. "Hapana," akasema, kabla hajaulizwa.

"Karata zinachezeka jikoni, mzee."

"Wale watu jikoni mwako? Na moshi wao?"

"Nitawavumilia, na nitawapikia."

Eilert alikubali shingo upande kumshinda hata Onno. Lakini Jumamosi alikuwa kibandani akiziba nyufa, akinung'unika kwamba hataki watu waseme wanyama waliganda kwa baridi nyumbani kwa Eilert. Wale sita wakaingia, na kiangazi kilipokwisha wote walikuwa wamepata kwao. Onno na wenzake walibaki.

Majani yalipoanza kupukutika alifika Gesche, mpeleka barua kutoka Weener. Alichuchumaa kando ya banda muda mrefu bila kusema "maskini". Aliuliza Onno anakunywa vipi. Wiebke akamwonyesha bakuli bapa lililowekwa kushoto, maana akiinua kichwa kwenye chupa huanguka.

"Na hawa wawili?"

"Hawa ndio miguu yake."

"Basi nawachukua wote."

Hata hapo Wiebke hakuwatoa. Kwanza alikwenda Weener kukagua, akakuta ubao mmoja wa banda unacheza, akasimama pale mpaka Gesche akaupigilia misumari. Ndipo akawapeleka.

Aliporudi aliingia bafuni, akakaa kidogo, akatoka macho mekundu, akadai ni siki ya kusugulia banda iliyomwingia machoni. Eilert akamwambia kwa sauti ya chini kwamba angeweza kuwabakiza wale watatu tu, yeye asingesema kitu.

"Ningewabakiza," Wiebke akajibu. "Na wanaokuja Jumatatu wakalale wapi?"

Onno aliishi majira mawili ya baridi huko Weener. Gesche alipopiga simu kusema amekufa, kwamba aliamka na kumkuta amelala katikati ya wale majike, Wiebke alikuwa amepakata simbilisi mwingine kwenye taulo. Alisikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, akauliza kama majike wanakula.