Jina Alilonipa Bibi Getruda

Mwanangu, kabla majirani hawajakutajia ujinga wangu, nautaja mwenyewe: jina la bibi yangu nililionea haya. Mimi huyu, niliyekaa Dubai miaka yote hii na mnara wao mrefu naujua kwa kuuchungulia kwenye dirisha la jikoni, nilijiona wa kisasa kumpita bibi!

Kwetu Kibosho, binti wa kwanza hubeba jina la mama mzaa baba. Bibi aliitwa Getruda, jina la ubatizo lililokuja na watawa wa Kijerumani, nami nikawa Getruda. Nilipokuja huku kulea watoto wa watu, madam wa kwanza, Mjerumani, alicheka mpaka akakaa chini. "Gertrud? Hilo la shangazi yangu wa miaka tisini!" Madam wa pili, Mholanzi, akasema kwao ni Geertruida, na wenye jina hilo karibu wote wameshazikwa. Wa tatu, Mwingereza, akanionea huruma. "Gertrude? Khalas, yaishe, wewe ni Trudi." Nikafurahi kama niliyepandishwa cheo.

Basi nikapiga simu nyumbani, akapokea bibi.

"Nani mwenzangu?"

"Trudi, bibi."

"Simjui. Nipe Getruda."

"Bibi, hilo la vikongwe. Hata Wazungu wenyewe wamelitupa."

Akasema polepole, "Mimi sikulitupa. Nilikupa wewe."

Akamrudishia baba simu. Tangu hapo hakuniita kwa jina lolote, mpaka wakamzika, mimi niko huku naosha chupa za maziwa.

Majuzi kijana wangu wa kuzaa, Festo, kapata binti wake wa kwanza. Nikaingoja simu nimevaa kitenge kipya, sebuleni peke yangu, kama bibi harusi aliyekosea tarehe.

"Mama, tumemwita Brianna. Tumelipenda tu."

"Na langu?"

"Lipi, mama? Getruda ulimkatalia bibi yako. Trudi ulipewa na madam."

Nikamuaga tu, mwanangu, na mdomo wangu unaujua. Nakuambia basi: jina ulilopewa na mtu aliyekupenda, usimwachie tajiri wako alicheke. Likikuelemea, libebe hivyo hivyo, maana wa nyuma yako hana pa kulipokea ila mkononi mwako. Mungu akujalie uzeeke na mtu wa kukuita.

Mimi nilikwenda kumlilia jirani yangu Bi Salma, Mzanzibari asiyejua kutia maneno sukari. Hakuacha hata kuchambua mchele wake.

"Unalilia nini, Trudi? Mjukuu kakurithi wewe khasa: naye hana jina la bibi yake."