Jeki Isiyo ya Gari Yangu

Gari yangu ilipombana mdogo wangu vidole, hakulia kwanza. Aliniangalia machoni akasema, "Dada, nisamehe."

Mtu kabanwa mkono, damu inamtoka, halafu yeye ndiye anayeniomba mimi msamaha.

Nilidhani ni maumivu yanamsemesha. Ilinichukua miezi mitano kuelewa.

Naitwa Yumna. Kwetu ni Mgogoni, na kazi yangu ni unesi katika kituo cha afya huko Micheweni. Wanaohusika na habari hii wote wanajua kuwa naiandika. Mmoja wao aliniomba nisiiandike.

Gari niliinunua mwaka juzi. Ndogo, rangi ya fedha, imetumika Japani kabla ya kuja kwetu. Nilidunduliza miaka mitano. Pale mtaani kwetu sikuwahi kuona mwanamke mwengine anaendesha gari yake mwenyewe, na maneno niliyasikia sana.

Baba yangu, Mzee Mmanga, hakunikataza. Alisema tu, "Haya, tutaona."

Ile "tutaona" ilikuwa inapanda nami kila nikiwasha gari.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa Jumapili asubuhi, tunakwenda Chokocho kumtazama shangazi, Bi Duni, dada yake baba, alikuwa mgonjwa. Baba kakaa mbele. Nyuma kakaa mdogo wangu, Haidar.

Haidar ni seremala. Milango yake inatafutwa mpaka Chake. Na wakati ule alikuwa anamalizia nyumba yake, anajenga kwa mikono yake mwenyewe, ataka kuoa.

Tulipoiacha lami tu, nikasikia gari inavuta upande mmoja. Pancha, gurudumu la nyuma kushoto.

Sikubabaika. Aliyenifundisha kuendesha alinibadilishisha tairi mara tatu kabla hajanikubalia. Nikatafuta mahali pa sawasawa, nikaegesha. Hendibreki juu, gia nikatia. Nikamwomba baba ashuke. Hakupenda, lakini alishuka akaenda kukaa kwenye gogo la mnazi ng'ambo ya njia, macho yote kwangu.

Nikatia mawe kwenye gurudumu la mbele la upande wa pili, moja mbele moja nyuma. Nikalegeza nati gari ikiwa bado chini. Tairi la akiba nikalilaza chini ya ubavu wa gari, karibu na ninapotia jeki. Gari ikianguka, iangukie tairi, isiangukie mtu.

Ile jeki sikuikuta mahali pake.

Kwenye buti, pembeni, kuna kishubaka chake. Inakaa pale, unaikaza isicheze. Mimi nikaikuta kwenye shimo la tairi la akiba, imeviringishwa kitambaa ili isigonge. Nikasema moyoni, Asya huyu.

Asya ni rafiki yangu tangu skuli, na ni mwenzangu kazini. Wiki ile nilimwazima gari akamchukue mama yake Wete. Nikakusudia nikirudi nimtanie.

Sikuwahi kuitumia jeki ya gari hii hata siku moja. Nikaipeleka chini ya ubavu, pale penye vikato viwili, ndipo pake. Nikazungusha mara tano sita.

Haidar akaja mbio.

"Niachie mimi, dada."

Nikamwambia najua. Akasema anajua kama najua, ila nisijichafue. Nikatazama ng'ambo, baba anatutazama. Nikadhani kijana ataka aonekane mwanamme mbele ya baba yake. Nikampisha.

Alizungusha taratibu mno. Kila mara anasimama, anachungulia chini, anazungusha tena. Nikacheka, nikamwambia gari hiyo si yai.

Hakucheka.

Tairi bovu likatoka. Akalivuta lile la akiba kutoka chini ya gari ili alitie. Ndiyo dakika hiyo. Tairi la akiba limeshatoka, bovu limeshatoka, gari imebaki na jeki peke yake.

Nikasikia chuma kinakwaruza chuma. Gari ikateleza ikashuka.

Alikuwa kalishika lile tairi la akiba kwa chini, kwenye rimu, gari ikalikandamiza. Vidole vikabaki kati ya rimu na jiwe lililokuwa chini.

Hapo ndipo aliponiomba msamaha, kisha ndiyo akapiga kelele.

Watu walitoka kwenye shamba la muhogo, wanaume sita saba, wakaiinua gari kwa mikono. Hospitali walijitahidi. Vidole viwili vya mkono wa kushoto vikakatwa, cha mwisho na cha pete.

Seremala.

Pale wodini baba akauliza nani aliyeitia jeki. Haidar kalala kitandani, kafungwa bendeji, akajibu kwa sauti ndogo, "Dada ndiye aliyeitia. Mimi nimekuta keshaitia."

Hakusema uongo hata neno moja. Nilikuwa nimesimama pale, nikatikisa kichwa kukubali.

Wiki mbili baadaye baba aliniita nyumbani. Akasema gari ile imemla mwanawe mkono, basi na imtumikie yeye. Ikiwa hawezi tena randa na patasi, atabeba abiria na mizigo.

Ufunguo niliutoa mwenyewe. Sikulazimishwa. Niliuweka mkekani mbele ya Haidar, na Haidar hakuuchukua mpaka baba alipomwambia auchukue.

Nikaanza kutoka nyumbani alfajiri kusubiri gari za watu. Haidar ananipita barabarani na gari yangu, anapunguza mwendo, mimi namwashiria aende. Nilikuwa naona haya kupanda.

Mtaani walisema yao. Mwanamke na jeki, wapi na wapi. Niliyasikia na niliona wana haki. Kila nikifumba macho nakiona kile kikato na jeki yangu chini yake, nauliza, nilikosea wapi? Niliiweka kombo?

Mwezi wa nne baada ya ajali Haidar akaenda Unguja kutazamwa mkono, gari ikabaki uani. Nikaamua niioshe. Kwenye droo ya mbele mlikuwa na kitabu chake. Kijapani sijui hata herufi moja, lakini picha zinasema.

Nikafungua ukurasa wa jeki.

Kwenye picha, kichwa cha jeki kina mfereji katikati. Ule ukingo wa chini wa bodi unaingia ndani ya mfereji, unakamatika. Nikaitoa ile yetu kwenye buti. Kichwa chake bapa, hakina mfereji wowote. Nikaijaribu kwenye kishubaka chake. Haiingii, ndefu.

Nikakaa chini pale pale kwenye maji ya sabuni.

Ile haikuwa jeki ya gari yangu. Mtu kaibadilisha.

Na mtu wa mwisho kuichukua gari kabla ya ajali, ninavyojua mimi, alikuwa Asya.

Sikungoja. Kesho yake asubuhi, watu wamekusanyika kupokea zamu, nikamuuliza mbele ya wote jeki yangu kaipeleka wapi. Nikamwambia mdogo wangu kapoteza vidole kwa ajili yake.

Asya aliliweka chini faili alilolishika. Kisha akasema, "Yumna, mimi hata buti ya gari yako sijui inafunguliwa wapi."

Nikamwita mwongo. Nilimwita mwongo mbele ya watu kumi na moja, nawajua mmoja mmoja.

Hatukusemeshana tena. Baada ya wiki tatu akaomba uhamisho, akaenda mji wa Mkoani.

Nilimweleza baba. Nilidhani atafurahi kusikia kuwa si kosa langu. Alinitazama, akanishika bega, jambo asilolifanya tangu ile ajali, akasema, "Yaache, mwanangu. Yamepita."

Niliona ni upole.

Mwezi wa tano nikaenda Wete kwa fundi Msellem, anauza vipuri vya gari zilizokufa. Nilitaka jeki ya sawa, Haidar asije akaumia tena. Nikaibeba ile mbovu kumwonesha.

Msellem akaigeuza mkononi mara moja tu.

"Hii mimi ndiye niliyompa Haidar."

Nikamwambia ananichanganya. Akasema hachanganyi, alama ya rangi ya buluu pale chini kaitia yeye. Haidar alimwendea akasema jeki ya gari ya dada yake kaiharibu, ataka yoyote ya kuweka mahali pake kwa muda. Msellem akampa hiyo, akamwonya kuwa kichwa chake hakikamati ukingo wa gari ile, itateleza, asiinue nayo kitu. Haidar akaitikia.

"Kwani hakukwambia?" Msellem akaniuliza.

Nikaichukua jeki mkononi mwake, nikatoka.

Nilikwenda moja kwa moja kwenye nyumba mpya ya Haidar. Hakuwepo. Mlango haujatiwa, nikaingia. Chumba cha nyuma, juu ya mifuko ya saruji, nikaikuta jeki yangu. Ina mfereji kichwani. Ule msumari wake mrefu wa kuzungushia umepinda kama mkono uliovunjika, na saruji imeugandia.

Nikakaa nayo mapajani mpaka aliporudi.

Aliiona. Alikaa chini, akaniambia yote bila ya kuniangalia. Aliichukua jeki siku moja nikiwa nimelala baada ya zamu. Alitaka kuinulia boriti ya paa iliyokaa vibaya. Boriti ni nzito, jeki ile ni ya gari ndogo, na ni ya dharura, si ya kubebea nyumba. Ikapinda. Akaogopa kuniambia, akakusudia atatafuta nyengine ya sawa kabla sijajua.

Nikamuuliza kwa nini siku ile hakusema, jeki iko mikononi mwangu.

"Baba alikuwa anatutazama," akasema. "Nikaona bora nizungushe mimi. Ikianguka, inidhuru mimi."

Nitakuwa mwongo nikisema hapo sikumhurumia. Vidole vyake vitatu vilikuwa vimekaa juu ya goti. Nilikuwa niko tayari kumsamehe pale pale.

Kisha nikamuuliza kuhusu Asya. Uliporudi Unguja ulinikuta nalia juu ya Asya, nikamwambia. Ulikuwa unajua, ukaninyamazia?

Ndipo akasema lile jambo.

"Mimi nilitaka kusema, dada. Nilimwambia baba siku ya tatu, hospitali. Baba ndiye aliyenambia ninyamaze."

Siku ya tatu. Kabla ya ufunguo, kabla ya Asya. Baba alinichukulia gari yangu huku anajua.

Nilimkuta baba ametoka msikitini, anavua makubadhi. Nikaiweka ile jeki iliyopinda miguuni pake. Hakukana. Alisema kwa utulivu kabisa, kama mtu aliyelifikiri jambo muda mrefu na hakuona kosa lake, "Wewe una mshahara. Yeye ana mikono tu, na mkono wenyewe umekatika. Ningemwacha na nini?"

Nikamuuliza, "Na Asya, baba? Asya ulimwacha na nini?"

Akayainamia makubadhi yake.

Ufunguo niliuchukua siku ile ile. Haidar mwenyewe ndiye aliyenikabidhi. Baba hadi leo namsalimu, namnunulia dawa, namtandikia. Lakini sijamuuliza tena shauri lolote la maisha yangu, na anajua.

Nilikwenda Mkoani. Asya alinipokea mlangoni, akanitilia chai, akanisikiliza mpaka mwisho. Nililia, yeye hakulia. Nilipomaliza akasema, "Ulinituhumu mbele ya watu, Yumna. Msamaha usiniletee jikoni kwangu."

Basi Jumatatu nilisimama wakati wa kupokea zamu, nikasema mbele ya wale wale kwamba Asya hakuchukua kitu, na mwongo nilikuwa mimi. Wale waliokuwa wamehama, nawaandikia hapa.

Kaka zangu na dada zangu mnaosoma, fungueni buti zenu leo, si siku ya pancha. Itoeni jeki, izungusheni, itazameni kichwa chake kama kinakubaliana na gari yenu, kisha irudisheni mahali pake na muikaze. Msiinulie kitu kisichokuwa gari yenyewe. Na hata ikiwa ya sawa, msiingize mwili chini ya gari inayoshikiliwa na jeki tu.

Na ukikiharibu kitu cha mtu, mwambie. Atakasirika, ndiyo. Haidar aliogopa hasira zangu, na wallahi zingekwisha kabla ya magharibi.